Shimo Wasimotua Ndege

Mama yangu alikuwa haketi mpaka aambiwe pa kukaa. Kanisani alisimama mlangoni na Biblia yake kifuani, akingoja mtu amwonyeshe benchi. Sokoni, pale mjini Sake, aliniuliza, "Niweke wapi?" huku beseni la maharagwe likimwelemea kichwani, na nafasi ipo tele mbele yake. Hata nyumbani, kwenye mafiga yake mwenyewe, alisimama na sufuria ya moto mikononi akinitazama mpaka niseme. "Hapo, Mama. Weka hapo tu." Watu walidhani ni adabu ya watu wa milimani. Mimi nilijua ni nini, na nilimjua aliyemfanya awe hivyo, na nilimchukia mtu huyo asubuhi na jioni bila kuchoka.

Sisi ni watu wa Kingi, huko juu Masisi. Vita vilipotufikia tulishuka kuelekea ziwani na tulichoweza kubeba. Baba alikuwa kwao Walikale, msituni, na njia ilikuwa imefungwa katikati yetu. Kwa hiyo tulikuwa watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Mimi nilikuwa na umri wa kushika jembe, ila si wa kuulizwa maoni.

Kule chini ardhi ni mawe meusi. Mlima uliyatapika yakiwa moto, yakapoa yakiwa makali, na sasa yanakata viatu na kukata miguu. Udongo unauokota kiganja hapa na kiganja pale, katikati ya jiwe na jiwe. Mama, ambaye kwao alizoea kuzamisha jembe lote, alikuwa akiyatazama mawe hayo na kutikisa kichwa.

Aliyetupokea alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa palepale ziwani, mwenye ng'ombe na mashamba. Nitaendelea kumwita mzee wa kanisa kwa sababu cheo hicho anakipenda sana. Alitupa pa kulala nyuma ya nyumba yake, kisha akatupeleka kuona shamba. Lilikuwa bonde dogo lenye umbo la bakuli, limezungukwa na mawe pande zote, na ndani yake majani yalikuwa mabichi na udongo mweusi.

"Huku chini njo kuzuri, Mama," alisema, kwa ile 'njo' ya kwetu ya kusema 'ndiyo'. "Udongo iko mingi. Upepo haifike."

"Na nani alikuwa analima hapa, Papa?"

"Hakuna. Watu ya hapa ni bavivu."

Akacheka. Mama naye akacheka, kwa adabu, kisha akashuka, akapiga magoti, akachukua udongo mkononi na kuunusa. Aliporudi juu macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya furaha. Sijamwona tena na furaha kama ile, na ndiyo maana naikumbuka vizuri.

Lazima nieleze jambo moja, maana mtu asiyetoka milimani hawezi kulielewa. Kwetu Kingi bonde dogo ni bahati. Mvua inateremsha udongo mzuri humo, na upepo wa baridi unapita juu bila kuligusa. Mwanamke akienda kulima asubuhi, mtoto anamlaza chini kabisa, juu ya kitenge, mahali ambapo upepo hautamfikia. Bibi yangu alifanya hivyo na Mama alilazwa hivyo. Mimi pia nililazwa hivyo. Hakuna mwanamke wa kwetu angemlaza mtoto juu ya mwinuko, kwenye upepo, na kumwacha huko. Angeitwa mchawi.

Tulilima. Kila asubuhi kichwa kilimuuma Mama, na miguu ikawa mizito. Alisema ni njaa. Mimi niliona kizunguzungu nilipoinama kung'oa magugu, nikasema nami ni njaa. Njaa ilikuwepo kweli, kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kutafuta kitu kingine.

Asubuhi ile kulikuwa na baridi na ukungu. Mama alitandika kitenge chini kabisa ya bonde, akamlaza mdogo wangu, akamfunika, na sisi tukapanda kulimia ukingo wa juu. Mtoto hakulia. Mama alisema, "Leo amekuwa mutoto muzuri." Jua lilipoanza kuchomoza alishuka kumnyonyesha. Nilimwona akiinama, nikamwona akipiga magoti, kisha nikamsikia. Mtu aliyekuwa akipita barabarani alitupa mzigo wake akapiga kelele, "Musiiname! Mutoke humo! Mazuku! Mazuku!" Hilo neno tulikuwa hatujawahi kulisikia.

Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu. Ni nzito, inatulia kwenye mashimo kama maji ndani ya beseni, hasa usiku na asubuhi, mpaka jua na upepo viitawanye. Mtu aliyesimama anaweza kupita na kichwa chake kiko juu yake. Aliyelala chini haamki. Mbuzi wanakufa humo, mbwa wanakufa humo, na mdogo wangu alikufa humo akiwa amefunikwa vizuri.

Wakati wa mazishi mzee wa kanisa aliomba sala ndefu. "Mazuku haina alama," alisema. "Hakuna mutu anaweza kuijua. Njo mapenzi ya Mungu." Laiti angenyamaza hapo. Pengine leo ningekuwa mtu mwingine, mpole, anayeuza maharagwe yake na kwenda nyumbani. Lakini Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya watu wote, akasafisha koo, akasema, "Lakini na muzazi achunguze fasi analalisha mutoto. Bamama ya milima wanapenda jembe kuliko mutoto." Vichwa vikageuka. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la katikati. Aliinuka taratibu, akaenda kusimama mlangoni, na kuanzia siku hiyo hakuketi tena mpaka aambiwe pa kukaa.

Baba alipofika hatimaye kutoka Walikale alimuuliza mara moja tu, "Ulimulaza wapi?" Mama akamwambia. Baba hakuuliza tena, wala hakumlaumu kwa mdomo, akarudi msituni kabla mahindi hayajakomaa.

Hayo ndiyo niliyokua nayo. Kila Jumapili niliimba nikiwa nimemkazia macho mzee yule kisogoni. Nilikuwa na maswali yangu. Kwa nini shamba zuri hivyo lilikuwa halina mtu? Kwa nini mbuzi wake hawakuwahi kufika pale hata siku moja, na majani yalikuwa yanafika kiunoni? Niliwahi kumuuliza mama mmoja jirani, akasema tu, "Zamani ni zamani, dada." Siku hizi kila mtu anaijua mazuku, kuna hata vibao. Lakini yeye alishikilia kwamba wakati ule hakuna aliyejua, na nani angembishia? Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na chuki tu, na chuki haisikilizwi mbele ya wazee wa kanisa.

Sasa nije kwenye kisiwa.

Katika ghuba ya ziwa letu kuna kisiwa kidogo chenye umbo la mwezi mwembamba. Mwalimu wetu wa jiografia alitusimamisha ufukweni siku moja akatuonyesha. Alisema tunachokiona ni mdomo tu. Mlima wenyewe uko chini ya maji, mpana, na haujafa. Ndani ya kile kitanzi cha kisiwa maji yanatoa mapovu hata siku isiyo na upepo. Kuna mtu atatarajia niseme kwamba hasira yangu ilikuwa kama mlima huo, imejificha chini. Hapana. Hasira yangu haikujificha popote, kila mtu pale kwenye mitumbwi aliiona.

Hakuna anayeishi kisiwani isipokuwa ndege. Ni ndege weusi wenye shingo ndefu, wanaosimama kwenye mawe wamekunjua mabawa kama nguo zilizoanikwa, pamoja na wengine weupe wenye miguu myembamba. Mawe yote yamekuwa meupe kwa mavi yao. Na mavi hayo ndiyo yanayotulisha. Mimi na mama wawili wa kwaya tunaenda kuyachota, tunayajaza kwenye magunia, tunayachanganya na kile kiganja cha udongo kati ya mawe, na kabichi zinatoka kubwa mpaka watu wanauliza tumetumia dawa gani. Kazi hiyo inanuka. Mtoto wangu hunikataa mpaka nioge.

Kwa kuchota mavi nilikijua kisiwa jiwe kwa jiwe. Upande wa ndani, karibu na maji ya mapovu, kuna shimo lenye majani mazuri kuliko mahali pengine pote. Humo hakuna jiwe jeupe hata moja. Ndege wanaruka juu yake, wanazunguka, wanatua kando, lakini ndani hawatui. Chini kwenye majani kuna mifupa myembamba ya wale waliokosea. Nilishuka mara moja tu, mpaka magotini, nikainama, nikaona kizunguzungu ninachokijua tangu utotoni. Nikapanda haraka. Mama wale wa kwaya sikuwaambia kitu zaidi ya kwamba humo kuna nyoka.

Basi mwaka huu, hali ilipozidi kuharibika, watu wenye bunduki wakaanza kula ng'ombe wa watu. Wenye ng'ombe walihangaika, huyu akiwapeleka kwa shemeji, yule akiwaficha nyuma ya migomba kana kwamba ng'ombe hana sauti. Mzee wa kanisa akapata wazo. Alinifuata pale mitumbwi inapofungwa, akiwa na kofia yake, akanisalimia kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake.

"Dada, weye njo unajua kile kisiwa. Majani iko?"

Nilitulia, nikafunga gunia langu, nikachagua maneno yangu moja moja.

"Iko, Papa. Kuna fasi moja huku ndani, chini. Huko njo kuzuri. Majani iko mingi. Upepo haifike."

Hakuyatambua. Maneno yake mwenyewe yalirudi kwake akayapokea kama mgeni, akatikisa kichwa kwa furaha. Alisema atakuja kupaona kesho, halafu jioni ataleta ng'ombe kwa boti, na usiku wa kwanza atalala nao mwenyewe, kwa sababu yeye hamwamini kijana wake wa kuchunga ng'ombe.

Nilikwenda nyumbani nikitembea kwa wepesi. Sitajifanya mwema hapa. Nilitaka ng'ombe wale wafe. Niliwaona asubuhi wamelala ubavu, wanene, weupe na weusi, na yeye akipiga magoti kama Mama alivyopiga magoti. Kisha nilikumbuka kwamba alisema atalala nao, na nilikaa na wazo hilo pia, sikulifukuza. Watu wetu wanaamini mazuku ni kitu cha bara, cha mawe ya barabarani. Nani angeitafuta kwenye kisiwa, maji pande zote na upepo unavuma?

Jikoni nilimwambia Mama, maana sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Nilimwambia kuhusu shimo, mifupa ya ndege, na maneno niliyosema. Alikuwa ameshika sufuria. Safari hii hakuuliza aiweke wapi, alibaki ameishika mpaka nikamnyang'anya.

"Kesho nitaenda na nyinyi," alisema.

Nilidhani anataka kunizuia, nikajiandaa kugombana naye.

Tulikuwa mtumbwi mmoja: mimi, Mama, mama wawili wa kwaya na magunia yao, mzee wa kanisa, mchunga ng'ombe wake, na mpiga kasia. Tulipofika ndege waliinuka wote pamoja, wakatupigia kelele, wakarudi kwenye mawe yao. Niliwaongoza mpaka ukingoni mwa shimo. Lilikuwa zuri kweli, asubuhi ile, na majani yake yenye umande.

"Njo hapo, Papa. Mushuke muone."

Mchunga ng'ombe akainua mguu. Mzee wa kanisa akamshika mkono.

"Ngoja." Alitazama huku na huku. Alitazama mawe meupe nyuma yetu, akatazama shimo. "Ndege iko wapi humu ndani?"

Kisha akafanya kitu ambacho nitakiona mpaka nife. Hakufikiri, mikono yake ilifanya yenyewe. Aling'oa majani makavu, akayasokota kuwa kama mwenge, akayafunga kwenye ncha ya fimbo yake ya kuchungia. Akatoa kiberiti mfukoni, akawasha. Moto ukashika vizuri. Akapiga magoti ukingoni, taratibu, akaushusha ndani ya shimo, na ulipofika chini ya usawa wa goti ukazimika, kana kwamba mtu ameupuliza. Akawasha tena. Ukazimika tena palepale.

Alimgeukia mchunga ng'ombe wake, na nawaapieni, uso wake ulikuwa umejaa fahari.

"Unaona? Mazuku. Baba yangu alinifundisha hii tangu niko mutoto, niko nachunga mbuzi. Fasi yoyote iko shimo, unashusha moto mbele. Mbuzi hazijawahi kunifia hata moja."

Mama mmoja wa kwaya aliweka gunia lake chini. Mzee akanigeukia mimi, fahari ikawa hasira.

"Weye dada! Ulitaka kuniulia ng'ombe?"

"Ndiyo," nilisema. Nilikuwa na mengine ya kusema, nilikuwa nimeyatunza tangu utotoni, yalijaa mdomoni. Lakini Mama alinitangulia. Alikuja mbele mpaka akasimama karibu naye, yeye bado amepiga magoti na fimbo yake yenye majani yaliyoungua, na akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuuliza bei ya chumvi.

"Papa, ile siku ulitupatia shamba, kiberiti ilikuwa imekwisha?"

Aliutazama moto uliozimika, akamtazama Mama, na hapo ndipo nilipomwona akielewa alichokifanya. Mama hakumhurumia kwa kugeuza macho. Alimngoja. Alingoja kama mtu anayengoja chenji yake.

"Mama," alisema mwishowe, "ile ilikuwa zamani."

"Alijua," alisema yule mama wa kwaya, bila kumwelekea yeyote. "Alijua tangu iko mutoto." Mwenzake akatema mate kwenye majani.

Ng'ombe wake aliwapa moto na fimbo na magoti yake. Sisi alitupa kicheko na kusema watu wa hapa ni wavivu. Miaka yote nilikuwa nikimchukia kwa kukisia. Siku hiyo nilimchukia kwa ushahidi, na nawaambia, ni chuki tamu zaidi.

Kurudi ilibidi apande mtumbwi wetu, hakuna mwingine. Tulikuwa tumejaza magunia, na nafasi iliyobaki ilikuwa juu ya gunia la mavi ya ndege. Alikaa hapo. Hakuna aliyesogea. Mavi yale mabichi yalipenya suruali yake ya Jumapili na mpiga kasia aligeuza uso akajifanya anakohoa.

Habari ilifika ufukweni kabla kamba haijafungwa, maana mama wa kwaya wana sauti. Siku hizi akisimama kanisani kushauri wazazi, kuna mtu atakohoa, kisha mwingine, mpaka akae. Ng'ombe aliwapeleka kwingine, na sitadanganya kwamba nilifurahi kusikia wamepona. Na kila ninapokutana naye, barabarani kuelekea Mubambiro au sokoni au hata mlangoni mwa nyumba ya Mungu, namsimamisha kwa heshima zote.

"Papa," namwambia, "uko na kiberiti?"

Sijamsamehe na sina mpango huo. Watu wananiambia inatosha. Naona haijatosha.

Lakini bado sijasema juu ya kushuka mtumbwini siku ile. Mzee alishuka upande mmoja akaondoka haraka, ameshika kofia nyuma ya suruali. Mimi nilishuka nikageuka kumsaidia Mama, tayari na jibu langu mdomoni, kwa sababu nilijua ataniuliza akae wapi wakati tunapakua magunia. Alinipita. Alipanda juu ya mawe meusi, peku, bila haraka, mpaka kwenye mwinuko ambapo upepo wa ziwa unapiga bila kizuizi na hakuna mwanamke wa Kingi angekaa. Akafungua kitenge chake kiunoni, akakitandika mwenyewe, akakinyoosha pembe zote, akaketi katikati yake.

"Njoo tukae hapa," alisema. "Hapa upepo iko."